Vijana wetu walipopigwa wakati wa kampeni: tulivyofuatilia na ilivyotugharimu

Napigiwa simu na watu wa vijiji vya jirani, na wengine wa Njombe na Mbarali ambao sijawahi kuonana nao, wakiuliza swali lile lile: mlifanyaje mpaka mapato ya msitu yakasomwa? Wengine hawana haja na msitu. Wana kijana wao aliyepigwa kipindi cha uchaguzi na hawajui waanzie wapi. Kwenye simu salio huisha kabla sijafika popote, kwa hiyo naandika yote hapa, yaliyofanikiwa na yaliyotuumiza. Kijiji sikitaji wala watu siwataji. Mambo mengine hayajaisha na bado tunachota maji kisima kimoja.

Sisi tuko Mufindi, mkoani Iringa, upande wa miti. Msitu wa kijiji chetu ulipandwa na wazazi wetu kwa nguvu kazi. Kila kaya ilipewa mashimo yake ya kuchimba, kina mama wakibeba miche ya paini kichwani kwenye ukungu wa asubuhi, watoto wakifuata nyuma na vidumu vya maji. Mama yangu mkubwa alikuwepo, na mpaka leo anaweza kukuonyesha mistari aliyoichimba yeye. Paini haikomai upesi. Waliopanda walijua kabisa kwamba wanawapandia watoto wao.

Miti ilipokomaa, malori yakaanza kuingia. Tukaambiwa fedha zitajenga zahanati. Boma la zahanati likapanda hadi kwenye lenta, likasimama hapo, nyasi zikaota ndani. Malori hayakusimama. Ukiuliza unaambiwa subiri mkutano, na mkutano hauitishwi.

Watu wa mjini hushangaa kwa nini tulikaa kimya muda wote huo. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa nchi nzima, vyama vyao vikubwa vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Kwetu mwenyekiti alipita bila kupingwa. Sisemi kila aliyepita namna hiyo alikuwa mbaya. Kijiji cha jirani mwenyekiti wao alipita vile vile na mapato aliyasoma kila robo mwaka. Lakini wa kwetu, baada ya kuona kwamba hakuna kura aliyoitafuta, hakuona pia sababu ya kutukabili. Mimi sina kadi ya chama chochote. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na daftari la kikoba ndilo lililokuja kunifundisha nilichohitaji baadaye.

Mwaka 2024 mambo yakabadilika. Kampeni ziliruhusiwa kuanzia Novemba 20 hadi 26, kura zikapigwa Novemba 27. Mwalimu mmoja mstaafu alijitokeza kugombea uenyekiti kupitia upinzani, na ajenda yake ilikuwa moja tu: fedha za miti ziko wapi? Mikutano yake ikajaa. Wazee ambao hawajawahi kumpenda mpinzani yeyote walikuja wakakaa kwenye nyasi wakamsikiliza mpaka jioni. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho kwa mama yetu, alikuwa miongoni mwa vijana waliomsaidia kubeba spika na kupanga viti.

Jioni moja kabla ya kampeni kufungwa, vijana hao wakiwa wanarudi na vyombo vyao, walisimamishwa njiani na kundi la watu wenye marungu na mipini ya shoka. Wengine walikuwa wanafahamika kwa kufanya kazi za mgambo, wengine walikuwa vibarua wa mbao. Mdogo wangu alivunjwa mkono wa kushoto. Mwenzake alipasuliwa kichwa. Wa tatu aliumizwa mbavu. Niliposikia kelele nikatoka na tochi, nikamkuta amekaa chini ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, hasemi kitu. Alikuwa anatetemeka, na ile baridi ya Novemba haikuwa sababu.

Mufindi tuna kumbukumbu yetu juu ya mambo haya. Nyololo iko wilaya hii hii. Hapo ndipo mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, alipouawa Septemba 2, 2012, polisi walipokuwa wanatawanya shughuli ya CHADEMA ya kufungua tawi. Picha zilizopigwa siku ile zilionyesha askari wamemzunguka kabla hajafa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Kila mtu kwetu anaijua habari hiyo, na kila mtu anachukua somo lake. Wengi wamechukua woga: kaa mbali na mikutano. Mimi usiku ule nilikumbuka zile picha. Kama wenzake wasingepiga picha, tungeambiwa lolote tu.

Ndani ya muda mfupi nyumba yetu ilijaa vijana. Mmoja alikuwa na dumu la petroli. Walitaka kwenda kwa mwenyekiti usiku ule ule, na nasema kweli, moyo wangu ulikuwa nao. Mama mkubwa akatoka chumbani amejifunga kanga mbili, akasimama mlangoni.

"Wanangu, mkichoma hiyo nyumba, kesho watakuja kuuliza habari ya moto. Nani atauliza habari ya mkono wa huyu?"

Kijana mmoja akamjibu, "Mama Mkubwa, wao wameanza."

"Najua wameanza. Ndiyo maana nataka wajibu wao."

Walibishana naye sana. Hakuwapandishia sauti, ila mlangoni hakutoka. Mwishowe dumu lile likabaki kwetu, na kesho yake likawa mafuta ya pikipiki ya kutupeleka Mafinga. Nikiulizwa ni jambo gani lilituokoa, nataja hilo kabla ya sheria yoyote. Tungechoma, leo vijana wetu wangekuwa gerezani na waliowapiga wangekuwa mashahidi.

Sasa nije kwenye PF3, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotelea. Ukipigwa, hospitali itahitaji fomu namba 3 ya polisi ili daktari aandike majeraha kwa namna ambayo mahakama itayatumia. Kama mtu yuko kwenye hali ya hatari, mpelekeni hospitali kwanza atibiwe, fomu ifuate, lakini ifuate siku hiyo hiyo. Fomu ni bure. Kituoni tulipokelewa kwa maneno haya: "Haya ni mambo ya siasa, nendeni mkamalizane na mtendaji wenu." Mwalimu mstaafu alianza kueleza habari za chama na kampeni, na kadiri alivyoeleza ndivyo askari alivyozidi kukunja uso. Nikamwomba mwalimu anipishe. Nikasema, "Afande, shikamoo. Nimekuja kuripoti shambulio. Mtu amevunjwa mkono kwa mpini wa shoka, mahali fulani, saa fulani, na waliompiga tunawatambua hawa na hawa." Basi. Sikutaja chama chochote. Tukaandikishwa, tukapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yetu kwenye kitabu cha polisi, na PF3. Nenda na maelezo ya aina hiyo: nani, wapi, lini, kwa kitu gani, nani aliona. Sababu za kisiasa zitajitokeza zenyewe mahakamani.

Mambo mengine ya kituoni. Usiondoke bila namba ya RB, iandike kwenye karatasi na kwenye simu. Maelezo yako usiyasaini kabla hujasomewa au kuyasoma mwenyewe, na palipo wazi papigwe mstari. Daktari akishajaza PF3, itoe kopi kabla ya kuirudisha polisi, kwa sababu majalada hupotea. Piga picha majeraha siku ile ile na tena baada ya siku chache, kwani michubuko mingine hujitokeza baadaye.

Yule kijana wa kichwa aliogopa kituo. Alishonwa na mtu mwenye duka la dawa muhimu, akabaki nyumbani. Wiki kadhaa mbele akabadili mawazo akataka naye aingizwe kwenye jalada, lakini hakuwa na fomu wala cheti cha daktari, kovu tu. Hakuna aliyeweza kumsaidia. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Gharama sizifichi. Pikipiki hadi Mafinga na kurudi ilikuwa shilingi 20,000, na tulikwenda mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kuna picha ya eksirei, plasta, dawa, kopi, chakula cha mgonjwa na cha anayemsindikiza. Nilimuuza nguruwe niliyemfuga kwa ajili ya ada ya mwanangu. Nilikopa kikoba. Mdogo wangu ni mpasua mbao, na mkono wa kushoto ndio unaoongoza ubao, kwa hiyo msimu mzima hakuingiza chochote. Ukianza safari hii kaeni kama ukoo mjue nani atabeba nini, la sivyo mtaishia njiani mkilaumiana.

Kisha kikaja kisa cha sauti ya WhatsApp. Kijana mmoja, siku moja baada ya kipigo, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kijiji akisema "tutawachoma mmoja mmoja." Kufika mchana amekamatwa. Waliopiga walikuwa wanatembea kijijini, aliyepiga kelele yuko mahabusu. Ni dhuluma, na tuliona hivyo wote, lakini maneno yalikuwa yake na sauti ilikuwa yake. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai inataka mtu aliyekamatwa kwa kosa la namna hiyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, na dhamana ya polisi ni bure, ingawa tuliombwa "ya mafuta." Walihitajika wadhamini wenye vitambulisho vya NIDA na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji wetu akakataa kuandika barua. Tukakwama, mpaka shemeji yangu anayeishi kata nyingine alipokuja na barua ya mtendaji wake, akasimama kuwa mdhamini. Tafuteni mapema ndugu au rafiki aliye nje ya kijiji anayeweza kufanya kazi hiyo. Anayebishaniwa ndiye mwenye mhuri wa kijiji, na mhuri huo utaufuata kwake mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Uchaguzi tulishindwa. Mawakala wa mwalimu walitolewa nje kabla ya kuhesabu, na hakuna aliyepata nakala ya fomu ya matokeo. Kuna haki ya kupinga matokeo kwenye Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na tulilizungumza. Wakili tuliyemuona alituuliza maswali ya moja kwa moja: nani aliona kura zikihesabiwa, fomu iko wapi, mawakala waliandika malalamiko siku ile? Hatukuwa na jibu hata moja. Mwalimu alilia mbele yetu, mtu mzima, akasema hana nguvu ya kwenda mbele. Tukaliacha. Watakaogombea tena wawafundishe mawakala wao kuandika pale pale, hata kwenye karatasi ya daftari, saa waliyotolewa na aliyewatoa, na wenzao wasaini.

Kwa siku nyingi baada ya hapo nilikuwa mtu wa hasira tu. Sikulala vizuri, niliwagombeza watoto kwa mambo madogo. Aliyeniamsha ni msaidizi wa kisheria mmoja pale Mafinga, hawa wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na ambao huduma yao hailipiwi. Nilimwendea kwa ajili ya kesi ya mdogo wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Dada, na huo msitu mmeachana nao?" Nikamwambia tumeshindwa uchaguzi. Akanifungulia Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Sura ya 287. Mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya mwisho katika sera na mambo ya kijiji, ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na una uwezo wa kumwondoa mjumbe mmoja au wote. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano huo. Unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi 3, na hapo mapato na matumizi yasomwe. Nilikuwa nimeishi kijijini maisha yangu yote nikiamini kwamba mkutano ni hisani ya mwenyekiti. Kumbe kiti chake ndicho kilicho chini ya mkutano wetu, bila kujali nani alishinda Novemba.

Tulianza watu wachache: akina mama wa kikoba, wazee wawili wa kanisa, mwalimu, na kijana mmoja anayejua kompyuta. Barua ya kwanza tuliiandika kwa uchungu, imejaa maneno kama wizi na ufisadi, tukampa mtendaji mkononi bila nakala. Mwezi mzima ukapita, tukaambiwa haijawahi kupokelewa. Ya pili tuliiandika kama tunavyoandika kikoba. Tuliuliza: miti mingapi iliuzwa, kwa nani, kwa bei gani, kibali cha uvunaji kina namba gani, kikao gani kiliidhinisha na muhtasari wake uko wapi, fedha ziliingia akaunti ipi, stakabadhi ziko wapi. Hatukumwita mtu yeyote mwizi. Wakaazi walisaini kwa majina yao, wasiojua kusoma wakaweka dole gumba baada ya kusomewa. Nakala zikaenda kwa mtendaji wa kata, mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, mkuu wa wilaya na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Kila ofisi tulipita masjala, tukasubiri nakala yetu igongwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Mhudumu mmoja alisema mashine ya mhuri haipo. Tukakaa kwenye benchi mpaka ikapatikana.

Wakati huo huo vijana walikuwa na kazi yao. Kijana wa kompyuta alikuwa na picha alizopiga kwa simu miezi ya nyuma, malori yakiwa yamepakia magogo, namba za magari zinaonekana, tarehe ipo kwenye simu. Alizipiga kwa kufurahia malori tu. Zikawa ndizo zilizowafanya watu wa halmashauri wachukue barua yetu kwa uzito, kwa sababu kitabu cha kijiji kilikuwa na malori machache kuliko yale ya kwenye picha.

Sitaki mtu aingie kwenye jambo hili akidhani atashangiliwa. Nilianza kuitwa mchochezi. Kwenye vilabu vya ulanzi ikasemwa nimetumwa, nimepewa hela na wafadhili. Akina mama kadhaa waliniambia kwa upole kwamba wanatoa majina yao kikoba kwa sababu waume zao wana vibarua vya mbao kwa mnunuzi yule yule. Sikuwalaumu, nao ilibidi wale. Mume wangu alikaa siku nyingi bila kuongea nami vizuri, kisha usiku mmoja akasema, "Mimi siogopi wewe kukosea. Naogopa wewe kuchukuliwa." Hakuwa anawaza mambo ya mbali. Mei 2025 Mdude Nyagali, mwanaharakati wa CHADEMA, alivamiwa nyumbani kwake Mbeya usiku akachukuliwa, polisi wakakana kumshikilia, familia yake ikaachwa ikimtafuta. Tulikubaliana mambo ambayo nayafuata mpaka sasa: sisafiri peke yangu kwa shughuli hizi, natuma ujumbe nikifika na nikiondoka, silali na karatasi za asili nyumbani, na hakuna mtu mmoja anayejulikana kama kiongozi. Barua zinasainiwa na wote. Anayetaka kumtisha mtu ajue kuna orodha nzima nyuma yake.

Mkutano wa kwanza uliitishwa ukaahirishwa kwa madai ya akidi, ingawa watu walikuwa wamejaa. Wa pili maofisa wa halmashauri walikuja, akiwemo mkaguzi wa ndani. Ulifanyika nje ya ofisi ya kijiji, ukungu ukiwa umetanda kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakuonekana vizuri. Tulikuwa tumewaambia vijana wetu: hakuna kuzomea, hakuna kunywa kabla, anayetaka kusema anyooshe mkono. Mtendaji alisoma mapato. Yalikuwa madogo kiasi kwamba watu walinyamaza wakidhani hajamaliza. Kisha mama mkubwa akanyoosha mkono. Akaanza kwa "Kamwene," salamu ya kwetu, akaitikiwa na mkutano mzima, akasema, "Mimi nimechimba mashimo ya msitu huu. Nataka kujua miti niliyoipanda imekwenda wapi, na hela yake imekaa wapi, nikiwa bado hai." Hakuna aliyempigia makofi. Watu walimgeukia mtendaji wakasubiri.

Majibu hayakueleweka. "Zilitumika kwenye maendeleo." Maendeleo yapi? "Posho za vikao, mafuta, wageni." Mkaguzi akaomba stakabadhi mbele ya watu. Zilizoletwa zilikuwa chache. Mkutano ukaamua iundwe kamati ya kuchunguza, uvunaji usimame, na wajumbe waliohusika na maliasili wapishe. Tulihakikisha muhtasari unasomwa palepale kabla watu hawajatawanyika, na maazimio yanaandikwa kwa maneno yaliyosemwa. Tayari tulikuwa na watu watatu wanaoandika kila mmoja kivyake ili kulinganisha.

Matokeo? Uvunaji ulisimama. Sehemu ya fedha ilirejeshwa kwenye akaunti ya kijiji na zahanati imeezekwa. Mapato yanasomwa sasa, japo kwa kusukumwa. Mtendaji alihamishwa, na hilo halikunifurahisha, kwa sababu kuhamishwa si kuwajibishwa, na kuna kijiji kingine kimempokea bila kujua. Mwenyekiti bado yupo. Kesi ya shambulio ilifunguliwa, watuhumiwa wawili wakafikishwa mahakamani, kisha ikaahirishwa na kuahirishwa. Shahidi wetu muhimu alipata kazi Dar es Salaam, nauli ya kumleta kila tarehe tukashindwa, kesi ikaondolewa. Kama mna shahidi anayetegemewa, changeni nauli yake mapema kuliko hata ya wakili. Mkono wa mdogo wangu umeunga, ila haunyooki sawasawa.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Sina namna ya kuandika juu ya siku zile bila moyo kunisokota. Maandamano, watu kuuawa mijini, intaneti kuzimwa nchi nzima, sisi huku milimani hatujui nani yuko hai. Mdogo wangu alikuwa nyumbani kwa sababu nilimsihi asitoke. Jirani yetu ana mtoto anayefanya kazi Mbeya mjini, na simu yake ikawa haipatikani. Namba za rafiki zake zote zilikuwa WhatsApp, hakuna hata moja iliyoandikwa. Hapo ndipo yale tuliyojifunza kwa kipigo cha 2024 yalipotumika. Baba yake na shemeji yake walikwenda Mbeya na picha yake, nakala ya kitambulisho chake na daftari. Kila kituo walichofika waliandika tarehe, saa, na jibu walilopewa. Walizunguka hospitali, wakaomba kuonyeshwa na chumba cha maiti, jambo ambalo baba yule hawezi kulisimulia mpaka leo. Walimpata mahabusu. Wakatafuta wakili, wakapeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo haitozi kitu. Aliachiwa Novemba. Ziko familia nyingi ambazo hazikumpata mtu wao, na kwa hao sina ushauri wowote wa kuwapa zaidi ya kuendelea kuandika kila wanachojua: alivaa nini, alionekana wapi mara ya mwisho, na nani.

Tangu hapo kila kaya kwenye kundi letu ina karatasi ukutani yenye namba za simu za ndugu, za marafiki wa watoto walioko mijini, za msaidizi wa kisheria, na 113 ya TAKUKURU ambayo ni bure. Vijana wetu wamekuwa wagumu kusikiliza habari za barua na mihuri baada ya waliyoyaona Oktoba, na nawaelewa. Mmoja aliniuliza, "Dada, mhuri unazuia risasi?" Sikumpa jibu, kwa sababu hauzuii. Nilimwomba tu anisaidie kuchapa barua ya robo mwaka hii, akaichapa.

Barua hiyo imeshapokelewa masjala. Tunauliza fedha za malori yale ya kwenye picha ambayo hayamo kwenye kitabu cha kijiji, na tumeomba taarifa ya kamati isomwe kabla msitu haujapandwa upya. Mkutano ukiitishwa mama mkubwa amesema tumtafutie kiti, maana miguu haimsimamishi tena kama zamani, lakini swali lake ameshaliandaa.